Unene na mitokondria za misuli: kinachobadilika ukifanya mazoezi hata kama mizani haisogei

Chaki Nyeupe (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Nina kilo 117. Miezi mitano iliyopita nilikuwa na kilo 119. Kwa hesabu ya mizani, miezi mitano ya kutembea dakika 40 karibu kila siku imenipa kilo mbili tu, na kwenye kadi yangu ya kliniki kuna mtu ameandika "hakuna maendeleo" akapiga na mstari chini yake.

Sasa njooni kwenye ngazi. Kazini kwetu kuna ngazi 54 kutoka chini mpaka ninapokaa mimi. Wakati naanza kutembea nilikuwa nasimama mara mbili njiani, mara ya kwanza kwenye ngazi ya 20 hivi, nimeshika chuma cha pembeni, kifua kinapanda na kushuka, mapaja yanawaka moto. Leo napanda zote bila kusimama, na nikifika juu naweza kumwitikia mtu salamu kwa sentensi nzima. Mzigo ni uleule ukitoa hizo kilo mbili. Nikabaki najiuliza: ni nini kilichoanza kuubeba?

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Huu ni mwaka wa 16 nachora mitokondria, zile injini ndogo za nishati ndani ya seli, ubaoni: kidonge kirefu, ukuta wa nje laini, ukuta wa ndani wenye mikunjo, mshale wa oksijeni unaingia, mshale wa ATP (molekuli inayobeba nishati) unatoka. Wanafunzi wananakili, tunaendelea na mada nyingine. Sikuwahi kuwaambia kwamba vitu hivyo vimejaa pajani mwangu, na kwamba vinaongezeka au kupungua kutegemea nimefanya nini na miguu yangu wiki hii. Nimesoma sana tangu siku ile ya kadi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza ile picha ya ubaoni tuifute. Ndani ya msuli mitokondria hazikai kama vidonge vilivyomwagwa kwenye sahani. Zinashikana, zinachepuka kama mizizi, zinaungana na kuachana. Nyingine zimejipanga chini tu ya utando wa seli, karibu na mishipa midogo ya damu, nyingine zimepenya katikati ya nyuzi zinazojikunja. Kazi yao inajulikana: kuchukua mafuta na sukari, kuvichoma kwa oksijeni, na kutoa ATP ambayo msuli unaitumia kujikunja. Akiba ya ATP iliyomo kwenye msuli inatosha sekunde chache tu za kazi nzito. Kwa hiyo ukiwa kwenye ngazi ya 20, unaishi kwa kile kinachotengenezwa papo hapo. Kikitengenezwa polepole kuliko unavyokihitaji, msuli unageukia njia ya haraka ya kuvunja sukari bila oksijeni, tindikali inapanda, moto unawaka kwenye mapaja, unasimama.

Kwa mtu mwenye unene hali ikoje? Mwaka 2002 kundi la David Kelley la Pittsburgh, Marekani, lilichapisha matokeo ya kuangalia nyama ya paja kwa hadubini ya elektroni. Watu wenye unene, na zaidi wale wenye kisukari cha aina ya pili, walikuwa na mitokondria ndogo kuliko watu wembamba, na uwezo wa kuchoma ulikuwa chini. Watafiti wengine wakakuta kwamba protini inayoziunganisha mitokondria, iitwayo mitofusini 2, imepungua kwenye misuli ya watu wenye unene. Yaani ule mtandao wa mizizi unakuwa vipande vipande.

Fikiria jiko. Kuni zinaletwa kila saa, lakini jiko ni dogo na mdomo wa hewa umebana. Kuni zinarundikana pembeni, na jiko linatoa moshi kuliko moto. Kwenye msuli kuni ni mafuta yanayoingia kutoka kwenye damu. Yakikosa kuchomwa, sehemu yake inageuka kuwa vitu kama diasilgliseroli na seramidi, na hivi ndivyo vinavyoharibu ujumbe wa insulini, homoni inayouambia msuli uchukue sukari kutoka kwenye damu. Insulini inabisha hodi, msuli hausikii, sukari inabaki kwenye damu. Moshi nao ni zile molekuli za oksijeni zenye ukali, zinazotoka pale elektroni zinaporundikana bila pa kwenda.

Hapa nataka niwe mkweli, kwa sababu nimeona watu mitandaoni wakisema "unene unaua mitokondria" kana kwamba jambo limekwisha. Wataalamu bado wanabishana kipi kilitangulia. Wapo wanaosema mitokondria dhaifu ndizo zinazoleta usugu wa insulini, wapo wanaosema ni kinyume chake. Mimi baada ya kusoma pande zote naegemea kwa wanaosema sehemu kubwa ya tatizo ni kukaa. Mtu mwembamba anayekaa kutwa nzima naye ana mitokondria chache. Na kuna jambo lililonishangaza kuliko yote: mwaka 2001 Bret Goodpaster na wenzake walipima mafuta yaliyomo ndani ya misuli ya wanamichezo waliozoea mazoezi ya kustahimili muda mrefu, wakakuta ni mengi kama ya watu wenye kisukari, ila wanamichezo hao insulini yao inafanya kazi vizuri mno. Kuni ni zilezile. Wao wana jiko kubwa, kuni hazilali.

Sasa jiko linapanuliwaje? Mwaka 1967 John Holloszy wa St. Louis, Marekani, aliwakimbiza panya kwenye mkanda kwa wiki 12, akiwaongezea muda polepole mpaka wakafika saa mbili kwa siku. Alipopima misuli yao, uwezo wa mitokondria kuchoma ulikuwa umefika karibu mara mbili ya wale waliokaa. Kabla ya hapo wengi waliamini faida ya mazoezi ni ya moyo na mapafu tu. Tangu mwaka ule tunajua msuli wenyewe unajijenga upya.

Ndani ya seli mambo yanakwenda hivi. Kila msuli unapojikunja, kalsiamu inamwagika ndani ya seli. ATP inatumika na mabaki yake yanaongezeka, na kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho kazi yake ni kulinda akiba ya nishati, kinaamka. Taarifa hizi zinafika kwa protini iitwayo PGC-1 alfa, iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo ni kama msimamizi wa ujenzi: inawasha jeni nyingi kwa mpigo ili mitokondria mpya zitengenezwe. Na ujenzi wenyewe si rahisi. Mitokondria ina DNA yake, herufi 16,569, jeni 37, lakini protini inazozitengeneza yenyewe ni 13 tu. Mamia ya nyingine zinaagizwa kutoka kwenye kiini cha seli na kuingizwa ndani. Mafundi wa nyumba mbili wanajenga ukuta mmoja. Wakati huohuo zilizochakaa zinatengwa na kumeng'enywa, na mazoezi yanaharakisha usafi huo pia.

Nimefika kwenye kilichonifanya niandike. Mwaka 2008 Frederico Toledo na wenzake, akiwemo Kelley, walitoa matokeo ya kulinganisha makundi mawili ya watu wenye unene. Kundi moja lilipunguza uzito kwa kubadili mlo peke yake, jingine kwa mlo pamoja na mazoezi. Wote walipungua. Wote insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini mitokondria ziliongezeka kwa waliofanya mazoezi tu. Waliopungua kwa mlo pekee walibaki na jiko lilelile dogo, ila kuni zimepungua.

Kwa hiyo mizani inapima kitu kimoja na msuli unafanya kingine. Unaweza kupungua bila jiko kukua, na jiko linaweza kukua bila wewe kupungua. Mtu akikuandikia "hakuna maendeleo" kwa kuangalia mizani peke yake, hajaangalia paja lako.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu ninayoyajua.

---

Kiti cha Nyuma

Mwalimu umeandika vizuri, ila nina wasiwasi. Watu watasoma hapa wakasema "basi uzito si kitu, ili mradi natembea." Magoti yanabeba kilo, hayabebi mitokondria. Presha, kukoroma na kukosa hewa usingizini, ini lenye mafuta, hayo yote yanataka uzito ushuke. Usije ukawapa watu kisingizio.

---

Chaki Nyeupe

Mkuu, hoja yako ni ya kweli na naipokea. Kupungua kuna faida zake na mimi bado napambana nazo. Hata kwenye utafiti ule wa 2008, kundi la mlo pekee insulini yao ilikuwa bora, hilo sikulificha.

Ninachopinga ni kuyapima mazoezi kwa kilo. Mazoezi peke yake yanapunguza uzito kidogo sana kwa watu wengi, hili limeonekana tena na tena. Mtu akiahidiwa kilo 15 kwa kutembea, akapata mbili, anaona ametapeliwa, anaacha. Akiacha anapoteza na kile kilichokuwa kimeanza kujengwa asichokiona. Nimewapoteza wenzangu wawili wa kutembea nao kwa namna hii, na inaniuma kwa sababu wote walikuwa wameanza kupata pumzi.

Na hilo la ini, mkuu, mazoezi yanapunguza mafuta ya ini na ya ndani ya tumbo hata mizani isipoonyesha mabadiliko makubwa.

---

Fiziotiba

Mwalimu hongera, naomba na mimi nitie neno. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo, watu wenye unene ndio wengi ninaowahudumia.

Tatizo kubwa ninaloliona si uvivu, ni kuanza kwa nguvu. Mtu hajatembea miaka kumi, siku ya kwanza anakwenda saa nzima, siku ya pili kisigino hakikanyagiki, siku ya tatu harudi. Msuli ungekuwa tayari kuzoea, ila kano na maungio yanataka muda mrefu zaidi. Mimi naanza na dakika 10 tu, mara mbili kwa siku, na kila wiki tunaongeza dakika chache. Kipimo ni mazungumzo: utembee kwa kasi ambayo unaweza kuongea sentensi lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, kaza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na mazoezi ya kujenga nguvu angalau siku mbili. Lakini mwongozo huohuo unasema kidogo ni bora kuliko hakuna. Msikae mkisubiri mpaka mpate dakika 150.

Tahadhari zangu ni hizi. Kama unapata maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio bila mpangilio, onana na daktari kabla ya kuanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, sukari inaweza kushuka sana wakati wa mazoezi na hata saa kadhaa baadaye, kwa hiyo pima, na usitembee peke yako siku za mwanzo. Na kagua miguu kila ukivua viatu. Lengelenge dogo usilolisikia linaweza kukusimamisha miezi.

---

Mama Pacha

Asante mwalimu, asante dada. Mimi nina kilo 104 na watoto wawili wadogo. Dakika 40 sina, labda 20, tena siku nne kwa wiki. Nimesikia kuna haya mazoezi ya kukaza kidogo na kupumzika kidogo. Je, yanajenga hizo mitokondria au ni ya wanariadha tu?

---

Chaki Nyeupe

Mama Pacha, yanajenga, na wala si ya wanariadha tu. Mwaka 2011 Jonathan Little, Martin Gibala na wenzao wa Kanada waliwachukua watu wanane wenye kisukari cha aina ya pili. Dakika moja ya kukaza kwenye baiskeli ya kukalia, mapigo yakifika kama asilimia 90 ya kiwango cha juu kabisa, kisha dakika moja ya kupumzika, mara kumi. Vikao sita tu ndani ya wiki mbili. Uwezo wa mitokondria za paja uliongezeka, na wastani wa sukari kwa saa 24 ukashuka. Ni watu wachache, na nisingejenga nyumba nzima juu ya watu wanane, lakini tafiti nyingine zimekwenda upande huohuo.

Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, nao walitoa matokeo ya wiki 12 za mazoezi ya vipindi vikali kwa watu wasio na mazoea ya mazoezi. Uwezo wa mitokondria kutumia oksijeni ulipanda asilimia 49 kwa vijana na asilimia 69 kwa wazee wa miaka 65 hadi 80. Wazee ndio walionufaika zaidi! Hao hawakuchaguliwa kwa unene, lakini kwa anayedhani umri umempita, namba hiyo aiweke mbele ya macho.

Kwako wewe, dakika 20 mara nne ni dakika 80. Tembea kawaida dakika tatu, kisha dakika moja kaza mwendo kana kwamba umechelewa, rudia. Mwendo wa kukaza kwa mtu wa kilo 104 ni kutembea haraka, au kupanda mlima kidogo. Kukimbia hakuhitajiki.

---

Fiziotiba

Naunga mkono, na naongeza: mlima ni rafiki wa mtu mzito. Ukipanda, moyo unafanya kazi kubwa bila goti kugongwa kama kwenye kukimbia. Kushuka ndiko kwenye kazi kwa goti, shuka taratibu.

---

Nuru ya Asubuhi

Swali dogo. Mwalimu umesema kuna moshi, hizo molekuli za oksijeni. Basi si tumeze vitamini C na E zikausafishe moshi, huku tunafanya mazoezi? Nina kopo zima hapa nyumbani.

---

Chaki Nyeupe

Nami niliwaza hivyohivyo, na jibu lilinifundisha kitu.

Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake wa Ujerumani waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi wiki nne. Nusu walimeza vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400 (IU) kila siku, nusu hawakumeza. Wasiomeza ndio ambao insulini yao ilianza kufanya kazi vizuri zaidi. Waliomeza, faida hiyo haikuonekana.

Sababu ni kwamba moshi wa mazoezi ni taarifa. Unapokaza mwendo, molekuli zile kali zinapanda kwa muda mfupi, seli inasoma kwamba jiko limezidiwa, inaagiza ujenzi na inaimarisha kinga zake yenyewe. Ukiufuta moshi kabla seli haijauona, agizo halifiki. Moshi wa kukaa ni mwingine, ule unatoka kidogokidogo usiku na mchana, wiki hadi wiki, na ndio unaochakaza. Dawa yake ni kulipatia jiko kazi.

Ninachosema kinahusu vidonge vya dozi kubwa. Matunda na mboga hayakuguswa na utafiti huu, na kama daktari amekuandikia vitamini kwa sababu maalumu, hilo ni jambo lenu wawili.

---

Binamu Mkubwa

Mimi natumia metformini, dawa ya kisukari, mwaka wa tatu. Nimesoma mahali kwamba inazuia faida ya mazoezi. Niache?

---

Fiziotiba

Usiache, tafadhali.

Uliyoyasoma yana msingi. Utafiti wa 2019 wa kina Adam Konopka ulihusu watu wazima wa umri mkubwa waliokuwa hatarini kupata kisukari. Walifanya mazoezi wiki 12, wengine na metformini, wengine na kidonge kisicho na dawa. Kwa wastani mitokondria za waliotumia metformini hazikuongeza uwezo kama za wenzao. Metformini yenyewe inagusa sehemu ya mnyororo wa upumuaji ndani ya mitokondria, kwa hiyo si ajabu.

Lakini kwanza, hao walikuwa bado hawana kisukari, wewe unacho. Pili, huo ni wastani, kuna waliopata faida nzuri wakiwa kwenye dawa. Tatu, sukari isiyodhibitiwa inaharibu macho, figo na mishipa ya fahamu, na hilo halisubiri paja lizoee. Endelea na dawa, endelea na mazoezi, na ukikutana na daktari wako mweleze unafanya mazoezi saa ngapi. Akiona sukari inashuka, yeye ndiye atakayepunguza dozi.

---

Mshiriki 14

Nimekuwa nasoma kimya. Niliwahi kujitolea kwenye utafiti wa namna hii, nikiwa na kilo 111, ngoja niwaeleze hizo sampuli za paja zinachukuliwaje maana watu wanaogopa.

Unalala chali, wananyoa sehemu ndogo upande wa nje wa paja, wanachoma sindano ya ganzi. Ganzi ndiyo inayouma. Kisha wanachana kidogo, chini ya sentimita moja, na kuingiza sindano nene yenye dirisha pembeni, aina iliyoanza kutumiwa kwa kazi hii na daktari Msweden aitwaye Bergström miaka ya 1960. Huhisi kisu, unahisi mtu anakukandamiza kwa ndani, kama mkazo wa msuli unaotaka kuanza ukaghairi. Sekunde chache, imetoka. Nyama yenyewe ilikuwa nyekundu iliyokolea, ndogo kuliko punje ya mahindi. Nusu wakaitumbukiza kwenye naitrojeni kimiminika, ikachemka na kutoa mvuke.

Nusu nyingine wakaenda nayo chumba cha pili na nikaomba nione. Waliitenganisha nyuzi kwa vibanio chini ya hadubini, wakaziweka kwenye kichupa kidogo chenye kimiminika na kihisi cha oksijeni. Kwenye skrini kulikuwa na mstari. Wakidondosha tone la chakula cha mitokondria, mstari unaonyesha oksijeni inaliwa. Nyama yangu, nje ya mwili wangu, ilikuwa bado inapumua. Nilikaa pale nikaitazama mpaka wakaniomba nirudi kitandani nifungwe bendeji.

Baada ya wiki 12 za baiskeli wakachukua tena. Yule dada wa maabara akaniwekea mistari miwili pamoja. Wa pili uliteremka kwa kasi zaidi, bila hata kuhitaji kuelezwa. Uzito wangu ulikuwa umeshuka kilo moja na nusu.

---

Chaki Nyeupe

Mshiriki 14, nimesoma mara tatu. Nitaomba ruhusa yako niwasomee wanafunzi wangu kipande hicho cha nyama inayopumua.

---

Kiti cha Nyuma

Nami nimesoma. Mwalimu, swali la mwisho kutoka kwangu, tena sasa nauliza kwa nia ya kuanza. Nikiacha, je? Safari, msiba, homa, mambo yapo.

---

Chaki Nyeupe

Zinapungua, tena haraka. Protini nyingi za mitokondria zinaishi siku chache hadi wiki chache, zikichakaa zinahitaji nyingine, na bila mazoezi hakuna anayeagiza. Wiki chache za kukaa zinaondoa sehemu kubwa ya ulichojenga. Na ule wepesi wa insulini unaotokana na kikao kimoja cha mazoezi unadumu siku moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi kidogo. Ndiyo maana mimi siruhusu siku mbili zipite mfululizo bila kutembea, hata kama ya leo ni dakika 15.

Ukiwa na homa, lala. Ukipona, anza kwa nusu ya ulipoachia, msuli unajenga tena.

---

Mama Pacha

Dada Fiziotiba, na mimi la mwisho. Goti langu la kulia ni bovu, siku nyingine halikunjiki vizuri. Nikifanya mazoezi ya mikono nikiwa nimekaa, mitokondria za miguu nazo zitaongezeka?

---

Fiziotiba

Kwa miguu, hapana. Msuli unaofanya kazi ndio unaojengwa. Mwaka 1976 Bengt Saltin na wenzake waliwafanyisha watu mazoezi ya mguu mmoja tu kwenye baiskeli, wakapima yote miwili. Vimeng'enya vya mitokondria vilipanda kwenye mguu uliofanya kazi, ule uliopumzika ukabaki palepale, ingawa moyo na damu ni vya mtu mmoja. Mazoezi ya mikono yatakusaidia moyo na mikono, na siku goti likikataa kabisa fanya hayo.

Ila misuli mikubwa kuliko yote mwilini iko mapajani na makalioni, na huko ndiko sukari nyingi inakokwenda, kwa hiyo tusiiache. Ukipata maji ya kufika kifuani, tembea humo, maji yanabeba sehemu kubwa ya uzito wako. Ukikosa, tafuta kiti kirefu kidogo chenye mikono, au weka mto mgumu juu yake ili goti lisikunjike sana. Vua viatu vinavyoteleza. Miguu iachane upana wa mabega, visigino chini, egemea mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha inuka huku unapumua nje. Ukihitaji, sukuma kwa mikono. Kaa polepole, hesabu hadi tatu. Leo fanya mara tano, upumzike, mara tano tena. Kesho asubuhi uniambie goti limeamkaje, tutajua tuongeze au tupunguze.